Kabla Hujafungua Kopo, Pita Mwaloni

Siku hizi Mwanza, Rock City yenyewe, ukizama geto la mshkaji yeyote anayepiga chuma, juu ya kabati hukuti pafyumu, unakuta makopo. Moja jeusi lina simba kavimba kifua, jingine limepewa jina kama la kombora, na pembeni kuna kifuko cha poda nyeupe kisicho na jina wala tarehe: "Hiyo kanipimia mwana wa Igoma." Jamaa akitoka tizi anachota huku, anachota kule, anaongezea na unga wa lishe aliotumiwa na bi mkubwa kutoka Sengerema, anatupia vyote kwenye sheka, anatikisa, anapiga funda, anakunja sura. Muulize kila poda ina kazi gani. "We tulia, hii miksi ya kibabe."

Sina noma na miksi. Kinachonidatisha ni kwamba jamaa anakaa Kirumba, akifungua dirisha harufu ya dagaa inaingia bure, halafu protini anaagiza Dubai. Nusu ya vitu vilivyoandikwa kwenye yale makopo vinatoka hapa hapa ziwani, tunavipakia kwenye malori na ndege viende zao, kisha tunajichanga tununue vya wenzetu. Kwenye lile kabati lote, kitu ambacho ziwa haliwezi kukupa kirahisi ni kimoja tu, kreatini. Hivyo vingine tunaweza kubishana hadi asubuhi.

Tuanze na hesabu, maana ndipo wana wengi wanapopigwa. Mtu asiyefanya mazoezi anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake. Anayepiga chuma anahitaji zaidi, na tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kwamba ukishagonga kama gramu 1.6 kwa kilo, kinachozidi hapo hakiongezi misuli kwa kiasi cha kujisifia. Mwana wa kilo 70, basi, anatafuta gramu 112 kwa siku. Sasa mpigie hesabu ya msosi wa kawaida wa Mwanza, sio ule wa hoteli za Capri Point. Sato mmoja wa saizi ya kati, ukishatoa miba, anakupa 40 hivi. Dagaa wakavu gramu 50 wanakupa karibu 30. Bakuli la maharage, 15. Ugali wa dona wa siku nzima nao una chake, kama 20. (Ugali wa muhogo usiuhesabu, mwanangu. Ule ni shibe tu.) Hapo una 105. Ongeza mayai mawili ya kuchemsha ya stendi ya Nyegezi, umepita, na chenji imebaki.

Kwa hiyo kopo la protini ya maziwa, lile wana wanaloliita wei, ni la nani? Ni la yule bodaboda anayetoka geto saa 12 asubuhi na chai na chapati mbili, anakula tena saa 10 jioni, na saa 1 usiku yuko jimu. Huyo siku yake ina shimo, na skupu moja yenye gramu 20 au 25 inaliziba vizuri. Wei ni yale maji-maji yanayobaki watu wakitengeneza jibini, yanakaushwa yanakuwa poda. Ni chakula, haina uchawi. Ila ni maziwa, na wengi wetu tumbo halipatani na maziwa mabichi, ndiyo maana wengine wakishakunywa wanaanza kutoa mabomu katikati ya seti na jimu nzima inahama upande. Kama wewe ni wa hivyo, tafuta ile iliyochujwa zaidi, yenye laktosi kidogo, au kaa na mtindi.

Na wei usiimwage kwenye uji unaotokota! Inaganda mabonge kama yai lililochelewa kukorogwa. Ipua uji, uache upoe hadi uweze kuunywa bila kupuliza, ndipo ukoroge poda yako.

Sasa twende Mwaloni. Pale soko la samaki Kirumba huendi kibishoo na viatu vyeupe, nakutonya mapema. Unapita kwenye magunia, unamkuta mama wa makamo kakaa juu ya kigoda, mbele yake mlima wa fedha.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba bhabha. Karibu dagaa."

"Hawa wa kichanja au wa mchangani?"

Mayu mwenye biashara yake hajibu kwa mdomo. Anachota konzi, anakusugulia kiganjani, halafu anakumwagia dagaa pembeni ili uangalie kilichobaki. Kikibaki kiganja kitupu na mafuta kidogo, hao wameanikwa juu, kwenye chanja za nyavu. Ikibaki chenga inayokwaruza, hao wamelala ufukweni, na ukiwasaga utakuwa unakunywa mchanga wa Ukerewe na sukari kijiko kimoja. Wa kichanja wanang'aa na wamenyooka. Wa mchangani wamejikunja, wamefubaa. Bei haifanani, na safari hii usiwe bahili, toa tu.

Kuna na gredi ya tatu ambayo mayu hatakuonyesha usipouliza: dagaa wa kuku. Mvua zikishika, anga likiwa zito, dagaa hawakauki sawasawa, wanaanza kubadilika rangi, basi mzigo unaelekea kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Yaani kuku wa kisasa, yule broila unayemla na chipsi pale Mabatini, anapiga unga wa dagaa kila siku ya maisha yake. Kavimba kwa wiki chache. Na wewe unayetaka kuvimba unasema dagaa ni msosi wa msoto.

Angalia na mwezi kabla hujaenda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mtego wote unategemea giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa ya mvuvi haina ujanja. Kwa hiyo kipindi cha giza mzigo unamwagika na bei inashuka, mwezi mpevu wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Mwenye akili anabeba mzigo wake wa mwezi mzima wakati wa giza.

Kuutengeneza unga wenyewe ni kazi ya jioni moja. Chagua takataka, suuza haraka, anika tena juani wakauke hadi wakivunjika wanatoa mlio. Kaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila mafuta, mpaka harufu ibadilike kutoka ya ziwani iwe ya kuchoma. Saga, chekecha, tia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Vichwa usitupe kama unaweza kuvumilia uchungu kidogo, kwa sababu dagaa unamla na mifupa yake na ndiko kalisiamu iliko. Vijiko vitatu vikubwa, kama gramu 30, vina protini gramu 15 na kitu, na kuna chuma na zinki humo humo. Kwenye uji wa sukari sikushauri, ladha inagombana. Badala ya sukari weka chumvi na ndimu, au fanya kama bibi zetu: nyunyiza kwenye mrenda, kwenye mchicha, kwenye nyanya za kukaanga. Harufu geto itakaa siku mbili. Mama mwenye nyumba atauliza. Mwambie ni poda ya mazoezi. Usimwambie "natumia unga", mtaelewana vibaya.

Halafu kolajeni. Hii inawabamba zaidi masista duu, ngozi iteleze, nywele, kucha, na makopo yake yana rangi ya waridi na bei ya kodi ya chumba. Jamani. Mwanza! Viwanda vyetu vya samaki vinachuna sangara kila siku, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na yale mabondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa sangara, yanaenda China kwa bei inayomshinda samaki mwenyewe. Wavuvi wanayalinda kama simu. Bondo karibu lote ni kolajeni. Ngozi ya samaki nayo ndiyo hiyo hiyo kolajeni. Ukiila ile ngozi ya sato iliyokaangwa ikakauka, badala ya kuiweka pembeni ya sahani kibishoo, ushapata sehemu ya ulichotaka kununua. Na wewe kaka unayeichanganya kolajeni na wei ukidhani ni protini juu ya protini, jua kolajeni imekosa triptofani, mojawapo ya zile amino muhimu ambazo mwili haujitengenezei. Kwa kujenga misuli ni mchezaji wa benchi.

Geina, yale makopo ya kuongeza uzito, sina maneno mengi. Soma nyuma ya kopo: sehemu kubwa ni wanga wa kuyeyuka haraka na sukari, protini imekaa kona. Karanga, viazi na maziwa mgando vinafanya kazi ile ile, na ukitafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu vya nyumbani, na karanga zake una geina ya Kisukuma isiyohitaji sheka.

Unga wa lishe ndio unaohitaji kukaa chini tuongee. Kila mtaa una mama anayeuza, na mashindano siku hizi ni nani kachanganya vingi: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, mlonge, dagaa, vyote gunia moja, mashine moja. Wataalamu wa lishe wa hapa nchini wamepiga kelele miaka na miaka kuhusu hili na mtaa umekausha. Sababu zao ni za jikoni kabisa. Nafaka na kunde haziivi kwa muda mmoja, ukizipika pamoja kimoja kinaungua au kingine kinabaki kibichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, kwa hiyo isipochemshwa au kukaangwa kwanza, umeweka protini na kufuli lake humo humo. Karanga zina mafuta, unga unachacha mapema, na kama zilihifadhiwa na unyevu kuna sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haifi kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, hii si stori ya kijiweni. Na ukishasaga kila kitu pamoja, nani atajua karanga moja iliyooza ilikuwa ya nani?

Basi: nafaka moja au mbili, zisagwe peke yake. Dagaa chombo chake, karanga chombo chake, saga kidogo kidogo. Unakutanisha kwenye bakuli siku ya kula. Ubuyu weka mwisho kabisa uji ukishapoa, kwa sababu vitamini C yake inakufa kwenye moto, na hiyo vitamini ndiyo inayosaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya kwenye nafaka na majani. Chai ya rangi fanya kinyume, ikae mbali na uji, saa moja hivi, maana inayakamata yale madini kabla hayajafika popote. Wana wa Mwanza tunakunywa uji tunashushia na chai. Tunajizingua wenyewe.

Sasa kile kimoja ambacho nakubali utoe mkwanja. Kreatini mwili wako unaitengeneza wenyewe, kwenye figo na ini, kama gramu moja kwa siku, na nyingine inatoka kwenye nyama na samaki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama tangu 1832, kwa hiyo si kitu cha juzi cha TikTok. Kazi yake ni kuchaji upya nguvu ya misuli kwenye zile sekunde chache za kukaza: rudio la nane, la tisa, lile ambalo kawaida mshkaji anakushikia chuma. Ili kuipata kwa msosi peke yake ungehitaji karibu kilo nzima ya nyama au samaki kila siku, na hapo sahau hata kodi. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, kijiko cha chai kilicholingana, basi. Wapo wanaoanza na gramu 20 zilizogawanywa mara nne kwa siku tano hadi saba ili misuli ijae chap. Bila hivyo inajaa kwa wiki tatu au nne, na tumbo linakushukuru. Asubuhi, jioni, kabla, baada, haina tofauti ya maana. Kilicho na maana ni kutoruka siku, hata Jumapili usiyoenda jimu. Ukiichanganya na wei haina shida, ukiikoroga kwenye uji wa vuguvugu haina shida. Chukua ile ya kawaida isiyo na ladha, monohaidreti. Zile zenye majina marefu zinauza mbwembwe tu.

Dada zangu wa jimu wanaiogopa kwa sababu mzani unapanda kilo moja au mbili wiki za mwanzo. Ni maji yameingia kwenye misuli, sio mafuta, na mkono haugeuki wa baunsa kwa kijiko cha chai.

Maji yenyewe, hapo kaza. Jua la Mwanza unalijua. Lakini kuna wana wanamaliza kukimbia ufukweni wanachota ziwani moja kwa moja, wanakorogea poda, wanaweka video. Homa ya matumbo haijali kifua chako. Na wale wanaomaliza tizi wakajitosa kuoga kwenye majani ya ukingoni, konokono wa kichocho wanakaa hapo hapo. Chemsha maji, oga bombani. Sheka ioshwe saa hiyo hiyo, ukiiacha na masalia ya wei kwenye begi mpaka kesho, ukiifungua utadhani umerudi Mwaloni.

Poda ya kabla ya tizi, pri, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ule muwasho usoni unaoudhani ni nguvu ni beta-alanini inachezea neva za ngozi, haina madhara, ila haimaanishi chochote pia. Injini ya pri ni kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na 200 kwa mkupuo mmoja. Skupu moja ya pri nyingi ina 200 hadi 300. Sasa mtu kapiga enaji mbili mchana akiwa kijiweni anasubiri abiria, jioni anamwaga pri, halafu kuna wanaoibwia kavu kavu bila maji kwa sababu wameona mtu kafanya hivyo kwenye simu. Moyo unapiga singeli. Nusu ya kafeini inabaki mwilini kama saa tano baadaye, kwa hiyo uliyokunywa saa 12 jioni ukiwa unatoka Rock City Mall bado iko kazini saa 5 usiku, wewe umelala chali unahesabu mabati. Na misuli inajengeka ukilala. Kuna hata utafiti wa Ubelgiji wa 1996 ulioona kafeini nyingi inafuta faida ya kreatini. Waliofuata hawakukubaliana, lakini inachekesha kwamba makopo mengi ya pri yanaviweka vyote viwili humo humo. Kikombe cha kahawa nyeusi kabla ya tizi, bei yake jero, kinafanya kazi.

Kile kifuko cha mwana wa Igoma sasa. Poda ya kupima haina lebo, haina lakiri, haina tarehe, na wewe huna maabara. Afrika Mashariki na Kongo dawa za kunenepesha zinazouzwa vichochoroni zimekuwa zikikutwa na deksamethasoni na siproheptadini, dawa za hospitali kabisa, ambazo zinakujaza uso na maji ukadhani umetoboa, huku zinavuruga sukari, presha na homoni. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, yakahamia shirika la viwango, TBS, kwa hiyo alama yao ndiyo ya kutafuta kwenye kopo, na lakiri ya ndani iwe haijachezewa. Kama unacheza mpira wa ushindani, tuseme unaota kuvaa jezi ya Pamba Jiji, hapo kaza mara mbili: kwenye kanuni za kupambana na dawa michezoni, kilichokutwa mwilini mwako ni chako. "Nilipimiwa na mshkaji" sio utetezi.

Na siku ukienda hospitali kupimwa figo, usikaushe. Kipimo cha kawaida kinaangalia kreatinini, ambayo ndiyo mabaki ya kreatini ikishatumika, kwa hiyo namba yako inaweza kupanda wakati figo ziko fresh kabisa. Hapo ndipo ile stori ya kitaa kwamba kreatini inaua figo inapopata nguvu. Mwambie daktari mapema: "Dokta shikamoo, natumia kreatini gramu 5 kila siku na jana nimepiga miguu." Atajua aangalie nini kingine, pengine aagize kipimo cha sistatini C, pengine akuambie uache kwa muda urudi. Kama figo zilikuwa na shida tangu zamani, au una presha au kisukari, maongezi hayo yawe kabla ya kununua kopo. Kama ushalinunua, lete huku Kirumba tufanye mabadilishano. Dagaa wa kichanja ninao.